Sura ya Saba ya Maisha ya Lan Chiu-o

Katika duka la Siau la kukodisha vitabu, pale Keelung, mji wa bandari wa Taiwan, nyuma ya soko la hekaluni, wateja walikuwa na tabia ya kufungua kitabu kwa nyuma kabla ya kukichukua. Hawakuwa wakichungulia hadithi ilivyokwisha. Walikuwa wakitafuta kadi ya Bong-chi.

Kadi yenyewe ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kilichobandikwa ndani ya jalada, kimeandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko uliobanana wa mtu aliyeishia darasa la sita na asiyependa kupoteza nafasi. "Mwuaji utamjua ukurasa wa arobaini. Soma hivyo hivyo, maana mvua imeelezwa vizuri." Hiyo ilikuwa ya riwaya moja ya upelelezi. Nyingine ilisema: "Maiti watatu, na hakuna hata mmoja aliyezikwa. Mwandishi huyu hajawahi kufiwa." Na katika kitabu cha maisha ya mwigizaji mmoja wa zamani aliandika: "Huyu naye alizaliwa maskini, alimpenda mama yake, na hakumwonea mtu wivu. Ni wa kumi na nane niliyemsoma. Sijui wenye wivu waliigiza filamu zipi."

Bong-chi alikuwa na miaka sitini na mitatu. Jina lake lilikuwa la wale watoto wa kike wa zamani ambao wazazi wao walitaka mvulana. Maana yake ni kama kusema, basi, tumlee tu. Alikuwa fundi cherehani. Alishona zipu za mabaharia na kupunguza sketi za wanafunzi katika chumba kimoja juu ya duka la dobi, na mvuke wa pasi za chini ulipanda ukamjia miguuni mchana kutwa. Mumewe, fundi wa mitambo ya meli, alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa wa ini. Mwanawe aliishi Taichung na alipiga simu Jumapili. Miguu ilimvimba, macho yalimwuma, na mvua ya Keelung, ambayo haina msimu, ilikuwa imemwingia mpaka kwenye hamu ya kula. Kila alasiri aliposhuka ngazi kwenda kwa Siau alishuka kama mtu anayeteremsha mzigo, ngazi moja, kisha pumzi, kisha ngazi nyingine.

Alisoma aina mbili tu za vitabu: maisha ya nyota wa filamu na riwaya za uhalifu. Siau alipomwuliza sababu, alimjibu bila kuinua macho.

"Ni kitabu kimoja hicho, mwanangu. Kwenye riwaya ya uhalifu wanakwambia tangu mwanzo kuna aliyeuawa na kuna anayeficha. Kwenye maisha ya nyota kuna anayeficha vilevile, ila maiti hawakuonyeshi."

"Basi mama, kwa nini usisome hizo za uhalifu peke yake?"

"Kwa sababu huko maiti ni wa uongo."

Aliyecheka ni Mzee Cho, aliyekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, mwavuli katikati ya magoti. Cho alikuwa askari mpelelezi wa bandarini kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na alikuja dukani kila siku kusoma riwaya za upelelezi na kuzilaumu.

"Humu hakuna askari anayekula," alisema siku ile, akigonga kitabu kwa kucha. "Ukurasa wa mia mbili, siku nne, mtu hajagusa hata bakuli la tambi. Mimi nusu ya watu niliowakamata niliwakamata kwa sababu nilikuwa na njaa nikataka yaishe."

"Na hakuna anayejaza fomu, afande," Bong-chi akamtania.

"Fomu ndiyo kazi, dada. Kufukuzana ni mapumziko."

Hivyo ndivyo alasiri zilivyopita, mpaka kilipoletwa kitabu cha maisha ya Lan Chiu-o.

Siau alikitoa kwenye boksi akakifuta kwa mkono wa shati. "Mama, hiki wamejiandikisha watu kumi na mmoja kukikodi. Nimewaambia wasubiri, usome wewe kwanza. Si unawakumbuka hawa wa filamu za Kitaiwani? Miaka ya sitini?"

Bong-chi alilitazama jalada. Mwanamke kijana aliyevaa gauni la hariri lenye kola ndefu alikuwa ameinamisha kichwa, akimtazama mtu asiyeonekana. Lile gauni upindo wake wa chini ulishikwa kwa pini sita, kwa kuwa lilikuwa la kuazima, na kesho yake lingehitajika kwa mwigizaji mwingine aliyekuwa mfupi zaidi. Bong-chi alijua hivyo kwa sababu pini zile alizitia yeye, amepiga magoti sakafuni, na mbili alikuwa amezishika kwa midomo.

"Nawakumbuka kidogo," alisema, akakitia kitabu kwenye mfuko wa plastiki.

Alikisoma alasiri tatu, kando ya cherehani. Sura ya kwanza na ya pili zilikuwa zile zile: umaskini, mama mpendwa. Sura ya tatu ilimshangaza. Ilieleza jinsi walivyopiga filamu nzima kwa siku kumi huko Pei-tou, kwenye vilima vinavyonuka kiberiti kwa chemchemi za maji ya moto, na jinsi Chiu-o alivyojifunza kulia kwa kujisugua tangawizi chini ya kucha na kujigusa macho. Ilikuwa kweli. Tangawizi ile Bong-chi ndiye aliyeimenya. Alisoma sura hiyo mara mbili, na mara ya pili aliona uso wake umelegea, kama unavyolegea uso wa mtu akisikia anasemwa vizuri chumba cha pili.

Kisha akafika sura ya saba. Kichwa chake kilikuwa "Kikulacho ki Nguoni Mwako."

Humo Lan Chiu-o alisimulia mwaka ule mambo yake na Khu Bun-hiong yalipotoka magazetini. Khu alikuwa mpiga kodiani na mtunzi wa muziki wa filamu, na alikuwa na mke. Kulikuwa na barua, kulikuwa na picha. Mwenye kampuni, aliyekuwa amemfunga Chiu-o kwa mkataba wa miaka mitano, aliona haya akauchana. Chiu-o akaenda Kobe, Japani, akaolewa, akarudi baadaye akiwa tajiri mwenye kuhurumiwa. Na barua zilifikaje gazetini? "Nilikuwa na msichana wa nguo," ilisema sura hiyo, "niliyemtoa kwenye njaa nikamfanya mdogo wangu. Aliiba bahasha kwenye droo yangu akaiuza. Nilisikia baadaye kwamba amenunua cherehani. Nilimsamehe zamani. Natumaini amepata amani huko aliko."

Bong-chi alifunga kitabu. Cherehani yenyewe ilikuwa mbele yake, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, maua ya dhahabu ya ubavuni yamefutika yote isipokuwa jani moja. Hakulia wala hakukasirika, angalau si kwa namna aliyoitegemea. Alichosikia ni uchovu uliomshuka kutoka mabegani hadi viganjani. Alikaa hivyo mpaka mwenye dobi akamwita kutoka chini kumwuliza kama sketi zile za shule ziko tayari, naye akajibu kwamba bado.

Wiki mbili zilipita. Kila Siau alipouliza kadi, alijibiwa, "Sijamaliza."

"Mama, watu wananisumbua. Mama muuza samaki amenitishia kwenda kununua chake."

"Mwache anunue."

Mzee Cho alingoja mpaka Siau alipotoka kupeleka vitabu. Kisha akasogeza kigoda.

"Dada, wewe kitabu kinene hukimaliza siku mbili. Hiki kina picha nusu yake. Kuna nini humo?"

"Kuna maisha ya mtu, afande."

"Ya nani?"

Bong-chi alikitoa mfukoni, akakifungua sura ya saba, akampa. Cho, ambaye hajawahi kusoma maisha ya nyota hata mmoja, maana aliyaita vipodozi, alivaa miwani akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alimtazama yeye, kisha akatazama mikono yake, ile mikono yenye vidole vilivyotobolewatobolewa.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Uliiba?"

"Sikuiba. Alinipa mwenyewe. Alitaka kutoka kwenye mkataba, na njia nyingine hakuiona. Filamu kumi na mbili kwa mwaka, afande, mtu alikuwa analala amesimama wakati mimi namfunga vifungo. Akaniambia, mdogo wangu, peleka hii kwa yule mhariri, useme uliikuta. Watakufukuza, lakini nipe miaka miwili, nitakurudisha. Cherehani akaninunulia yeye, kabla. Akasema utakula kwayo wakati unanisubiri."

"Akakurudisha?"

"Hakuna studio iliyoniruhusu hata kusogelea kabati la nguo. Nikaja huku. Nikaolewa. Ukikaa sana unaacha kusubiri bila kujua siku uliyoacha."

Cho alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, na Bong-chi akajua kwamba swali lenyewe lilikuwa bado linakuja.

"Ulijua kilichomo kwenye bahasha?"

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni wa barafu ya samaki. Bong-chi angeweza kusema hapana. Kwa miaka thelathini na tisa, kila alipojisimulia kisa hiki mwenyewe, alisema hapana, au aliliruka swali.

"Nilijua," alisema. "Haikuwa imefungwa kwa gundi. Nilisoma kwenye treni. Yule bwana Khu alikuwa mtu mpole, hajawahi kunikosea. Nilijua kitakachompata. Nikaipeleka."

"Kwa nini?"

"Dada aliniomba. Na nilitaka cherehani."

Cho alitikisa kichwa, si kwa kulaumu, bali kama anayeona karatasi imejazwa mpaka mstari wa mwisho. "Basi wote wawili mna kesi," alisema. "Ila yako umeikiri."

Jumamosi iliyofuata Bong-chi alipanda treni kwenda Taipei. Gazeti lilikuwa limetangaza kwamba Lan Chiu-o atatia sahihi vitabu saa nane mchana katika duka moja kubwa la vitabu. Alivaa koti lake zuri, akachukua kile kitabu cha kukodi, chenye muhuri wa Siau na jalada la plastiki, akasimama kwenye foleni nyuma ya wanawake wa umri wake waliobeba maua. Alisimama muda mrefu mpaka vifundo vya miguu vikaanza kuwaka. Wanawake wale walikuwa wakihadithiana filamu ambazo hawajaziona tangu ujana wao, na walizikosea, wakimtia mwigizaji huyu katika filamu ya yule, na Bong-chi hakuwasahihisha.

Lan Chiu-o alikuwa amekaa nyuma ya meza, shali ya zambarau mabegani, nywele zimetiwa rangi nyeusi vizuri. Pembeni yake alikaa kijana wa kike aliyemwandikia kitabu, akimfungulia kila nakala ukurasa wa kutia sahihi.

"Niandike jina gani?" Chiu-o aliuliza bila kuinua uso.

"Bong-chi."

Kalamu ilisimama. Chiu-o aliinua macho taratibu, akamtazama kama mtu anayesoma bango la mbali.

"Nilidhani umeshakufa," alisema.

"Bado, dada."

Chiu-o alimnong'oneza kijana yule neno, akainuka akitegemea meza, akamshika Bong-chi mkono, wakaingia kwenye chumba cha nyuma kilichojaa maboksi. Wakakaa juu ya maboksi, wazee wawili, magoti yao yakikaribia kugusana. Bado Chiu-o alinukia manukato yale yale ya maua meupe ya enzi za studio. Alimshika Bong-chi vidole, akavigeuza.

"Bado unashona."

"Bado."

"Umekuja kunisema."

"Nimekuja kukuuliza kwa nini umeandika niliiba."

Chiu-o alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo Bong-chi hakuitegemea.

"Mdogo wangu, sina kinyongo. Nimeandika mle kwamba nimekusamehe, hukuona? Ulikuwa mtoto, ulikuwa na njaa. Nakumbuka kama jana. Droo ya chini ya meza ya vipodozi, ile iliyokuwa ikikwama. Niliikuta wazi. Nilikaa sakafuni nikalia bila tangawizi."

"Dada, ulinipa mkononi. Tulikuwa bafuni, umefungulia maji ili watu wasisikie."

"Maji?" Chiu-o alikunja uso, akijaribu kwa kweli kukumbuka. "Hapana, mdogo wangu. Droo."

"Na cherehani?"

"Ulinunua. Mtu aliniambia umenunua. Niliumia sana kusikia hivyo."

Bong-chi alimkagua usoni kama alivyokuwa akikagua mshono. Alikuwa amemvalisha mwanamke huyu katika filamu thelathini na nne, na alijua tofauti ya anapoigiza na asipoigiza. Alipoigiza, kidevu kilitangulia kidogo. Sasa kidevu kilikuwa kimetulia. Hakuwa akidanganya. Mahali fulani kati ya Kobe na leo, ile bahasha iliondoka mkononi mwake ikaingia kwenye droo, na sasa yeye mwenyewe alikuwa akiiona humo, mbao zake, kukwama kwake, kila kitu. Ukweli ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na miguu iliyovimba na treni ya kuwahi.

"Bwana Khu ulimwona tena?" aliuliza.

"Nilisikia alikwenda kusini. Kafa zamani." Chiu-o aliachia vidole vyake. "Yule alikuwa mtu dhaifu, lakini alikuwa na mikono mizuri. Unataka nikusainie?"

"Ni cha kukodi hiki."

"Basi nitakupa chako."

"Usijisumbue, dada. Watu wanakusubiri."

Alirudi Keelung amesimama nusu ya njia, maana treni ilijaa, na hakuna mawazo makubwa aliyoyawaza. Aliwaza kwamba amechoka. Aliwaza vilevile kwamba amesoma maisha ya nyota kumi na wanane, kumi na tisa na huyu, na kila mara alicheka akisema wanaongopa; haikumjia kwamba huenda walikuwa wamekwisha kuamini. Na kama Chiu-o aliweza kuitengeneza droo, yeye naye je? Miaka yote hiyo akijihesabu kuwa aliyetupwa, katika kumbukumbu yake bahasha ile ilikuwa imefungwa barabara.

Jumatatu alimpa Siau kitabu. Kadi ilikuwa imekwisha kubandikwa. Siau aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Ilisema hivi:

"Sura ya tatu ni nzuri na ni ya kweli, isomeni. Sura ya saba si kweli. Bahasha haikuibwa. Lan Chiu-o alinipa niipeleke, nami nilijua kilichomo nikaipeleka. Cherehani alinipa yeye. Aliyeumizwa ni Khu Bun-hiong, ambaye kitabu hiki kimempa mistari minne. Msichana wa nguo ni mimi. Chien Bong-chi."

"Mama," Siau alisema, "hii nikiiacha, soko zima litajua kufikia Jumatano."

"Jumatano mbali. Muuza samaki ndiye wa kwanza kwenye orodha yako."

"Watakusema."

"Watanisema nini ambacho sijakiandika?"

Kweli soko lilijua, na kabla ya Jumatano. Mama mmoja aliyekuwa akimletea sketi za binti zake aliacha kuja. Muuza samaki, kinyume chake, alimletea fungu la dagaa, akaliweka juu ya meza bila kusema ni la nini, akabaki amesimama mlangoni akiitazama cherehani mpaka Bong-chi akamwambia, "Ndiyo hii," naye akaondoka ameridhika. Wiki ya tatu kitabu kilirudi kadi ikiwa imebanduliwa. Aliyeibandua hakujulikana. Siau alimwuliza Bong-chi kama ataandika nyingine, naye akasema waliotaka kujua wamejua.

Lakini kuna jambo alilotaka kwa Mzee Cho, na ilimchukua siku kadhaa kulisema.

"Afande, yule Khu. Alikuwa na mtoto mchanga wakati ule. Bado una watu wa kukutafutia mtu?"

"Nina mmoja, naye ameota mvi." Cho alimtazama. "Unataka kumwambia nini?"

"Kilichokuwa kwenye kadi. Kadi waliisoma wauza samaki. Hakuisoma anayehusika."

"Anaweza kukutukana."

"Ana haki."

Cho alipata anwani baada ya wiki mbili: Khu Hui-bin, mwalimu wa shule ya msingi, Chiayi, huko kusini. Alimpa ile karatasi, kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamwazima mwavuli wake, ingawa Bong-chi alikuwa na wake. Bong-chi aliandika barua ya ukurasa mmoja. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi, maana vitabuni alikuwa ameona watu wakiomba msamaha kwa kurasa kumi na hakumwamini hata mmoja wao. Alisema alilolifanya, alisema alikuwa na miaka ishirini na minne na kwamba umri huo si udogo, akatia jina na anwani.

Jibu lilikawia mwezi na siku kadhaa. Kulikuwa na siku ambazo alimsikia mleta barua kule chini kwa dobi akaisimamisha cherehani, na siku ambazo alitamani lisije kabisa. Mguu wa kushoto ulizidi, daktari akamkataza kukanyaga cherehani zaidi ya saa mbili, naye akakanyaga tatu. Alisoma riwaya mbili za uhalifu na hakuziandikia kadi. Ya kwanza alijua mwuaji mapema. Ya pili hakumjua mpaka mwisho, na hakujali.

Barua ilipofika alipanda nayo ngazi, akakaa, akaifungua kwa mkasi wa kukatia nyuzi.

"Mheshimiwa Mama," iliandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, "barua yako imenikuta na afya. Baba alikufa mwaka wa 1981. Hakuwahi kufanya tena kazi ya filamu. Alifundisha kodiani na kutengeneza redio. Nyumbani hapakuwa rahisi, sitakuficha. Mama hakusahau. Lakini napenda ujue kwamba baba alijua. Picha zile zilikuwa nakala moja tu, na alikuwa nayo bibi yule, kwa hiyo alijua zimetoka wapi. Alituambia zilipelekwa na msichana wa nguo aliyetumwa. Alisema, 'Yule mtoto kila siku alikuwa na njaa, nilimwona akila ganda la tangawizi.' Hakukutaja kwa ubaya.

"Nina ombi, kama hutaona vibaya. Filamu alizozipigia muziki hazijapatikana hata moja. Walisema mikanda yake ilitupwa. Sisi hatuna kitu cha mikono yake. Wewe ulikuwepo. Kama unakumbuka alichokuwa akipiga, hata kidogo, hata maneno tu ya kueleza, niandikie."

Bong-chi aliweka barua mapajani. Alitegemea kutukanwa, na alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alitegemea pia kusamehewa, ambako alikuogopa zaidi. Hakutegemea kwamba siri aliyoibeba miaka yote ile, akiilinda kwa mdomo uliofungwa, mwenye kudhuriwa alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, akiishi nayo huko Chiayi, akitengeneza redio. Ni kama kumpelekea mtu mzigo mguu kwa mguu hadi mji wa mbali, ukamkuta anao wake mlangoni. Alilia kidogo, kwa muda mfupi, kwa sababu hata kulia kulichosha.

Halafu akalifikiria ombi. Mwanzoni hakukumbuka kitu. Alikumbuka nguo: rangi, vifungo, jasho kwapani. Alikumbuka pazia la nyuma lenye mlima uliochorwa. Nyuma ya pazia hilo, wakati mafundi wa taa wakihangaika na kila mtu akisubiri, palikuwa na kiti cha mbao, na bwana Khu amekaa juu yake na kodiani yake kubwa kifuani. Hakuwa akipiga muziki wa filamu wakati ule. Alikuwa akipiga kitu kingine, kile kile kila siku, kilichoanza chini, kikapanda hatua tatu, kikasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kikarudi. Wapambaji walimcheka wakamwambia akimalize. Yeye alisema bado hajajua kinakwenda wapi.

Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati la dobi. Bong-chi alijaribu kukiimba bila maneno. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili alifika kwenye ile hatua ya tatu, sauti yake ya kizee ikatetereka, akanyamaza, akaanza tena polepole, mkono mmoja ukitafuta kalamu.